Bodi ya kabati la moshi imekufa: kulifungia kontrola ya nje

Swali: Shikamoo fundi. Niko Mwanza, nabanika sato na sangara ninaowanunua Mwaloni Kirumba na kuwauzia watu wa hoteli. Kaka yangu aliyeko Minnesota alinitumia kabati la moshi la umeme, lenye mlango wa kioo na vitufe juu. Nyuma limeandikwa 120V, 800W. Nimelitumia mwaka mzima kwa transfoma ya kushusha umeme. Sasa bodi ya vitufe imeharibika: taa inawaka, kioo kinaonyesha hitilafu, joto hakuna. Fundi wa mtaani anasema tung'oe bodi, tufunge STC-1000, ile kontrola ya mashine za kutotolesha vifaranga, na transfoma tuiondoe kwa sababu kontrola itakuwa inakata umeme yenyewe. Mgongoni amekuta kidude cha duara chenye nyaya mbili, anasema hakina kazi. Naomba unielekeze.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Fundi wako kasema mambo manne. Kuhusu kung'oa bodi yuko sahihi. Hayo mengine matatu usikubali hata moja, kwa sababu kuna swali ambalo hakujiuliza: siku kontrola ikiharibika huku imewasha, kabati litafanya nini?

Nauliza hivyo kwa sababu kontrola huharibika. Na mara nyingi kinachoanza kufa si kile kioo chenye namba, ni ile swichi ya ndani inayopitisha umeme kwenda kwenye elementi. Rilei ya kawaida ina ncha mbili za chuma zinazogusana na kuachana, na kila zinapoachana cheche inaruka. Siku moja zinanata. Rilei ya elektroniki, ambayo mafundi tunaiita SSR, haina ncha za kugusana, lakini ikiungua mara nyingi hubaki inapitisha umeme moja kwa moja. Niliwahi kumfungia mteja kabati la kubanikia samaki, nikaweka SSR ya bei nafuu niliyoamini maandishi yake. Usiku ikaungua. Alfajiri tulikuta kontrola inasoma nyuzi 160 wakati tuliiweka 107, taa yake ya kuwasha imezima, maana yake yenyewe ilikuwa imeshaamuru joto likatwe, na elementi bado nyekundu. Samaki walikuwa mkaa. Nyumba ilisalimika kwa sababu ya kidude cha duara mgongoni, ambacho kilikuwa kinakata na kurudisha, kinakata na kurudisha, usiku kucha. Tangu siku ile kila kabati ninalofunga naanza kwa kuliuliza swali hilo.

Sasa twende kwenye transfoma. Elementi ya wati 800 kwa volti 120 ina ukinzani wa omu 18: 120 mara 120, gawanya kwa 800. Ukinzani huo haubadiliki sana ukibadilisha umeme. Ukiichomeka kwenye volti 230 zetu, hesabu inakuwa 230 mara 230, gawanya kwa 18, unapata wati 2,900 na zaidi, na mkondo wa karibu ampea 13. Fundi anadhani kontrola itawasha robo ya muda tu, hivyo wastani utabaki wati 800. Kwenye karatasi hesabu hiyo inakubali. Lakini katika kila sekunde inayowaka, elementi inabeba mzigo zaidi ya mara tatu na nusu ya ule iliyotengenezewa, vishikizo vyake vinachemka, na siku swichi ikinata una jiko la karibu kilowati 3 ndani ya kabati lililojengwa kwa wati 800, na mafuta ya samaki yanadondoka humo humo. Wapo wanaopunguza kwa kuweka dayodi ipitishe nusu ya wimbi. Hiyo nayo inakuacha na wati karibu 1,470. Usiifanye.

Una njia mbili zinazokubalika. Moja ni kubaki na transfoma. Njia ya pili, ambayo mimi ningeichukua, ni kubadilisha elementi: tafuta ya oveni ya volti 230, wati 800, inayolingana kwa umbo na inayoweza kukaa kwenye matundu yaleyale bila kugusa ukuta. Ukiipima inatakiwa kusoma omu 66 hivi. Mkondo unashuka mpaka ampea 3.5, transfoma unamrudishia aliyekuazima au unaiuza, na kila waya ndani ya kabati unapumua. Kwa kuwa bodi imekufa, hakuna tena kitu humo ndani kinachohitaji volti 120. Kagua tu volti za kidude cha duara, nitakifikia.

Ukiamua kubaki na transfoma, kuna jambo moja ambalo wengi hukosea. Kontrola ikae baada ya transfoma, kati yake na kabati. Usiiweke ukutani kabla ya transfoma. SSR huwasha na kuzima kila sekunde mbili hivi, na transfoma kila inapowashwa huvuta mkondo mkubwa wa ghafla. Ukiifanyia hivyo maelfu ya mara kwa siku utaua kimoja kati ya hivyo viwili.

STC-1000 naifahamu na ninaipenda mahali pake. Kwa mayai, nyuzi 37.5, haina tatizo. Lakini kipimo chake kinaishia nyuzi 99 za sentigredi, na wewe unabanika kwenye 80 mwanzoni na 107 au 110 mwishoni. Kichwa cha sensa yake ni cha plastiki, na waya wake haukutengenezwa kwa joto hilo. Zaidi ya hapo inafanya kazi ya kuwasha na kuzima tu. Inawasha mpaka namba ifike, inazima, na elementi ya moto inaendelea kumwaga joto lililobaki ndani yake, kwa hiyo unapita nyuzi 10 au 15 juu kabla ya kuanza kushuka. Sato mwembamba ataonja kila mpando.

Unachohitaji ni kontrola ya PID. Tofauti yake ni ile ya mpishi wa wali na mtoto anayejifunza. Mtoto anaacha makaa yote chini mpaka maji yakauke, wali unaungua. Mpishi anaanza kuyapunguza maji yangali juu ya wali, kwa sababu anajua sufuria lina joto lake. PID inaangalia umebakiza nyuzi ngapi, unapanda kwa kasi gani, na umekaa chini ya namba kwa muda gani, halafu inapunguza umeme kidogo kidogo kabla hujafika. Kabati likifungwa vizuri unabaki ndani ya nyuzi 2 au 3 za namba uliyoweka.

Madukani utaletewa zaidi REX-C100, na nyingi ni nakala za kontrola ya Kijapani yenye jina hilo. Ni nafuu na zinafanya kazi, ila kuna mtego. Zipo za aina mbili ambazo kwa nje ni sawa kabisa: moja inatoa volti ndogo za DC za kuendesha SSR, nyingine ina rilei ndogo ndani. Soma kibandiko ubavuni: kwenye namba ya modeli, herufi V kabla ya nyota ni ya SSR, na M ni ya rilei. Na kwa kuwa nimeshakutana na kibandiko kinachosema V huku ndani kuna rilei, pima. Kontrola ikiwa inaita joto, weka multimita kwenye terminali za kutoa. Ukiona volti 8 hadi 12 hivi za DC, ndiyo yenyewe. Ukisikia tik-tik ya chuma na hakuna volti, irudishe. Terminali ufuate mchoro ulio kwenye kontrola yako mwenyewe. Usifuate picha uliyotumiwa na rafiki, kwa sababu nakala hizi hazifanani mpangilio.

SSR nunua ya ampea 25 au 40 hata kama unatumia 4 au 7. Za bandia ni nyingi, na ninachukulia namba iliyoandikwa juu kama ahadi ya muuzaji tu. Inapopitisha umeme inapoteza kama volti moja na nusu, kwa hiyo kwa ampea 7 inatoa joto la wati 10. Ndani ya kasha lililofungwa, hizo zinatosha kuiua. Ifunge kwenye bamba la alumini lenye mapezi, paka ile pasta nyeupe ya kupitisha joto katikati, na kasha liwe na matundu ya hewa. Jambo jingine la SSR: hata ikiwa imezima inavujisha umeme kidogo. Tesa itawaka kwenye elementi uliyodhani haina umeme. Kabla ya kuingiza mkono, chomoa plagi ukutani. Kuzima kontrola hakutoshi.

Sasa kidude cha duara. Hicho ni kikata-joto. Ndani yake kuna kibati cha metali mbili kinachopinda kikipata joto fulani na kukata saketi, halafu kinarudi kikipoa. Hakiulizi kontrola inasema nini. Ndiyo maana fundi akikipima kwa baridi anaona waya mzima na kudhani hakina kazi. Kazi yake inaanza pale vingine vyote vikishindwa. Kiache kwenye laivu ya elementi, mfululizo, ili umeme wote wa elementi upite humo. Soma maandishi yaliyochapwa juu yake: kuna nyuzi za kukatia, na kuna volti na ampea. Kikiwa kimeandikwa 125V peke yake na wewe unahamia 230, nunua KSD301 ya 250V, ampea 10, yenye nyuzi zilezile, ifungwe palepale kilipokuwa. Ukikuta pia fyuzi ya joto iliyofungwa kwenye waya, ile inayokatika mara moja tu, nayo ibaki.

Kabla hujanunua chochote, chomoa kabati, fungua bamba la mgongoni na upige picha za kila waya kwa simu. Vuta taratibu vishikizo vya elementi uviangalie. Makabati ya namna hii hushambuliwa sana hapo: moshi, unyevu na joto vinakula kishikizo mpaka kinaungua na kuacha waya unaning'inia, na kioo kinaandika hitilafu ile ile kama yako. Waya ulioungua ukate mpaka kwenye shaba safi. Ndani ya kabati tumia waya wa silikoni au wa nyuzi za kioo peke yake. Waya wa kawaida wa nyumba una ganda la PVC la kuhimili joto la nyuzi 70, utayeyuka. Vishikizo viwe vya chuma kisichoshika kutu au vya nikeli, na vibanwe kwa koleo la kubania. Usichomelee kwa risasi karibu na elementi, kwa maana risasi ya kawaida inalegea kwenye nyuzi 183 na kiungo kinaachia bila wewe kujua.

Njia ya umeme iwe rahisi hivi. Ndani ya kabati, bodi inatoka yote. Waya mpya wa umeme wenye nyuzi tatu za milimita za mraba 1.5 unaingia kupitia mpira wa kuzuia kukatwa na bati: laivu inakwenda kwenye kikata-joto, kutoka hapo kwenye ncha moja ya elementi; nyutro inakwenda ncha ya pili; ethi inafungwa kwa bolti kwenye ganda la chuma la kabati, mahali palipokwanguliwa rangi. Mwisho wa waya huo weka plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 5 ikiwa elementi ni ya 230. Ukibaki na ya 120, fyuzi ni ya 10 na ikae ndani ya kasha la kontrola, na plagi iwe ya Kimarekani kama ilivyokuja, soketi ya kasha hilo nayo iwe ya aina hiyo, ili asije mtu mwingine akaichomeka ukutani kwenye 230.

Kontrola na SSR zikae nje, kwenye kasha lao, hatua moja mbali na moshi. Laivu inayoingia kwenye kasha inagawanyika: tawi moja jembamba na fyuzi yake ndogo linailisha kontrola, tawi kubwa linapita kwenye SSR na kutokea kwenye soketi iliyofungwa ubavuni. Nyutro inakwenda kontrola na kwenye soketi. Ethi inakwenda kwenye soketi, kwenye bamba la alumini, na kwenye kasha likiwa la chuma. Kisha kabati unalichomeka kwenye soketi hiyo. Faida yake ni kwamba kasha likiharibika unalipeleka kwa fundi peke yake, na kesho ukipata kabati jingine unalichomeka hapohapo. Wenye makabati ya kizamani, yale ya kirungu cha kuzungusha yasiyo na bodi, hawahitaji hata kufungua mgongo: wanaweka kirungu mwisho na kuchomeka kwenye kasha kama hili. Lako lingekuwa na bodi nzima lisingekubali, kwa sababu bodi ya vitufe kila umeme ukirudi inaanza ikiwa imezima.

Kasha lote lilishwe kutoka kwenye soketi inayolindwa na breka ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30. Mikono yako ina maji ya samaki na chumvi siku nzima. Hili sikupi kama ushauri wa hiari.

Sensa chagua PT100 ya chuma yenye waya wa kuhimili joto, na ununue kontrola inayoipokea. Sensa ya aina K (thermokapo) pia inafaa, ila ina ncha chanya na hasi. Ukizigeuza, namba inashuka kadiri kabati linavyopata moto, na kontrola itaendelea kuchochea. Ijaribu kwa kuishika kichwani kwa vidole: namba lazima ipande. Ifunge kwa bolti kwenye usawa wa trei ya samaki, sentimita 4 au 5 kutoka ukutani, isiwe juu ya elementi wala isiguse samaki. Nimesema bolti kwa makusudi. Sensa iliyoingizwa tu kupitia tundu la moshi hutoka mtu akifungua mlango, inaanguka sakafuni, inasoma nyuzi 27 za chumba, na kontrola inaona kabati lako limepoa.

Kuisahihisha, wengi huichovya kwenye maji yanayochemka na kutaka isome 100. Kwako isisome 100. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukilazimisha 100 utabanika kwa nyuzi 4 pungufu siku zote. Linganisha pia na maji yenye barafu iliyopondwa, yanayotakiwa kusoma 0.

Siku ya kwanza washa bila samaki. Weka beseni la maji kama unavyofanya siku zote, weka namba 107, mzunguko wa kutoa uwe sekunde 2, kisha amuru kontrola ijipime yenyewe. Kwenye REX-C100 unashikilia kitufe cha SET, unatafuta ATU, unaweka 1. Mlango usifunguliwe mpaka imalize. Itapanda na kushuka mara kadhaa, hapo inajifunza kabati lako. Halafu fanya jaribio ambalo ndilo ninaloliamini kuliko yote: kasha liwe limechomolewa ukutani, uziunganishe ncha mbili kubwa za SSR kwa waya, ufunge kifuniko, uwashe, ukae hapohapo na kipimajoto kingine. Unaiga SSR iliyoungua. Kabati lazima lipande, likatwe na kikata-joto, lishuke, lirudi. Lisipokata karibu na namba iliyochapwa, zima, na usiweke samaki mpaka ujue kwa nini. Ukimaliza, chomoa tena kabla ya kuondoa waya.

Kuna malalamiko utakayokuja nayo baada ya wiki, kwa hiyo nayajibu sasa: moshi umepungua. Ni kweli. Zamani elementi iliwaka kwa vipindi virefu na kuunguza vijiti vilivyo juu yake. PID inawasha kidogo kidogo, na kabati likishafika joto, kisahani cha vijiti hakipati moto wa kutosha kuvukiza. Usipandishe joto kutafuta moshi. Tenga moshi na joto: tengeneza kijitrei cha wavu wenye njia ya kujikunja, jaza vumbi la mbao kavu la mwembe au mpera, liwashe upande mmoja lifuke taratibu kama udi, ulitie chini ya kabati mbali na mahali mafuta yanapodondoka. Msonobari na mabaki ya mbao za ujenzi zilizotiwa dawa visiingie kabisa.

Na namba ya kabati si namba ya samaki. Mwongozo wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, kwa samaki wa moshi wa moto ni nyuzi 145 za Farenhaiti, yaani karibu 63 za sentigredi, katikati ya mnofu, kwa dakika 30 bila kushuka. Sangara mnene anaweza kuchelewa sana kufika hapo wakati hewa inasoma 107. Nunua kipimajoto cha kuchoma, ukichome kwenye minofu minene kuliko yote, siyo ile iliyo karibu na mlango.

Umeme ukiwa mdogo utaona kabati linachelewa. Kwa volti 190 elementi ya wati 800 inatoa kama 550 tu; hapo hakuna kontrola itakayosaidia, ongeza muda. Ukikatika kabisa na kurudi, kontrola hii inaendelea na namba yake bila kuulizwa, tofauti na bodi yako ya zamani. Hiyo ni nafuu kwako, lakini samaki aliyekaa vuguvugu kwa muda wa saa tatu gizani usimwuze hata kama ameshafika 63 baadaye. Andika saa umeme ulipokatika.

Mvua zikija na kabati likakaa wiki kadhaa bila kazi, breka inaweza kukata mara tu unapowasha. Usimruhusu mtu akwambie uondoe ethi. Unga mweupe ulio ndani ya elementi hunyonya unyevu na kuvujisha umeme kwenye ganda lake. Ing'oe, iweke kwenye oveni ya moto wa wastani kwa saa kadhaa, halafu fundi aipime kwa mega (kipimo cha uvujaji wa umeme) ya volti 500 kati ya ncha na ganda. Ikisoma megaomu moja au zaidi, irudishe kazini. Ikibaki chini ya hapo, nunua nyingine.